Sauti ya Jiwe la Kusagia

Mlango wa ndege ulipofungwa, binti yangu aliziba masikio, na mimi nikasikia harufu ya unga wa wimbi. Usinicheke. Unga uliotoka kusagwa sasa hivi, ungali na joto la jiwe, ndani ya ndege ya Nairobi kwenda Kisumu ambamo hata maji unapewa kwa kikombe cha karatasi!

Binti yangu ana usonji. Maneno yake ni machache, na masikio yake ni makali kupita kiasi. Barabara ya kwenda kijijini kwetu Manga imetushinda. Honi na wahubiri wa ndani ya basi vilitufanya tuishie njiani, Narok, tukarudi. Hata kwenye ndege ya Kisumu, ambako tungemalizia safari kwa gari, tuliwahi kuteremshwa kabla haijaondoka, mtoto akipiga mayowe, watu wakitutazama kana kwamba tumeiba. Safari hii ilikuwa jaribio la mwisho, maana nyanya yangu, ambaye hajawahi kumwona kitukuu chake huyu, hainuki tena kitandani. Kwenye simu alinisihi, "Mlete nimguse." Nyanya anamjua mtoto wa namna hiyo. Alimzaa mmoja.

Huyo alikuwa shangazi yangu. Nililelewa naye kwa nyanya, juu ya ukingo wa Manga, asubuhi za ukungu na viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu. Yeye alikuwa mtu mzima nami nikiwa mtoto wa shule, lakini kazi zetu zilikuwa zile zile: kufukuza kuku na kuchambua chinsaga, ile mboga chungu tunayoipenda sisi. Alichambua jani kwa jani, na ukimwibia jani moja alijua. Neno usonji hakuna aliyekuwa nalo. Majirani walikuwa na maneno mengine, mengi tu, na hawakuyanong'ona.

Kwetu mvua ya mawe huja alasiri. Wewe uliyelelewa chini ya mabati unaijua kelele yake. Mwalimu wetu alikuwa anafunga kitabu na kungoja ipite. Kwa shangazi kelele ile ilikuwa kipigo. Alijigonga kichwa ukutani. Wazee wa kanisa walikuja Sabato moja kumwombea pepo limtoke. Nyanya aliwapa chai, akawasindikiza hadi njiani, akarudi akisonya. "Hana pepo. Ana masikio."

Dawa yake ilikuwa jiwe. Mawingu yakijikusanya, nyanya alipiga magoti jikoni, katika nyumba ya nyasi aliyokataa iezekwe mabati kwa ajili ya mwanawe huyu, akaanza kusaga wimbi. Hrrr kwenda, hrrr kurudi. Shangazi alilaza shavu kwenye ukingo wa jiwe, na kwa mkono wa kushoto akachota nafaka kidogo kidogo na kuidondosha isagwe. Wageni waliukemea mkono ule. Nyanya aliwaambia waende wakaangalie unga wao. Nje mvua ilimaliza majani chai ya watu, ndani kulikuwa na hrrr peke yake, na jioni tulikula ugali wa wimbi na chinsaga.

Kisha mashine ya kusaga ikafika sokoni Birongo. Nyanya alikuwa amelazwa hospitalini. Baba mdogo akabomoa lile jiko la nyasi akajenga la mabati, ili mama yake akirudi afurahi. Jiwe alilitoa nje akaliweka uani, likawa la kunyweshea kuku. Hakuwa na ubaya. Alitaka magoti ya mama yake yapumzike.

Mvua ya mawe ikaja kabla nyanya hajarudi. Shangazi alituponyoka, akatoka mbio. Tulimkuta uani amelaza shavu kwenye jiwe lililojaa maji ya kuku, barafu imemjaa mgongoni, mkono wa kushoto ukichota mawe ya mvua na kuyadondosha. Hakuwa analia. Homa ya mapafu ilimwondoa kabla nyanya hajaruhusiwa kutoka hospitalini.

Nyanya hakusaga tena. Lakini mvua ya mawe ilipopiga yale mabati mapya, chini ya kelele nilisikia hrrr, kwenda na kurudi. Nilimtazama nyanya, naye alikuwa ananitazama mimi. Baba mdogo aliendelea kula. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, na mpaka leo naliogopa.

Basi, injini za ndege zilipoanza, binti yangu alitupa chini vifunika masikio nilivyomnunulia, akapiga yowe. Mhudumu wa ndege akaja, akainama. "Mama, tukusaidieje? Rubani anauliza kama tuendelee."

Mwanamume wa kiti cha nyuma akasema, "Watoto wengine si wa kupandishwa ndege."

Nilitamani kumgeukia nimpe yake. Badala yake nilimkumbatia mtoto na kumfanyia sikioni, kwa koo langu, hrrr, hrrr. Yowe likapungua. Akalaza shavu kifuani pangu. Mhudumu alikagua mkanda wa mtoto, akasema polepole, "Haya, twende," akarudi kukaa. Tukaruka.

Jiwe lile halipo siku hizi. Lilifukiwa kwa saruji chini ya baraza ya nyumba mpya. Nyumba za nyasi zimeisha kwetu, na watoto wa ndugu zangu wakiambiwa unga ulisagwa kwa kupiga magoti wanadhani ni mzaha. Binti yangu hajaona jiwe la kusagia hata kwenye picha. Habari za shangazi sijawahi kumwambia.

Juu ya mawingu koo lilinikauka, nikanyamaza. Hrrr haikunyamaza. Sasa ilikuwa inatoka kwake. Alikuwa amefumba macho, shavu bado kifuani pangu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unachota kitu hewani, unakidondosha mapajani, unachota tena.

Mtoto wangu hutumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Sikuthubutu kuugusa ule wa kushoto. Niliuacha ufanye kazi yake mpaka Kisumu.