Sababu ya Kuchelewa

Kila asubuhi mwalimu wa zamu husimama getini na kalamu nyekundu, akiandika majina ya waliochelewa na sababu zao, kwa mwandiko mzuri kama wa cheti. Hacheki wala hafoki. Siku hiyo Dorice wa darasa la tatu alifika anahema, tope hadi magotini, akijua hataaminika.

"Shikamoo mwalimu. Kiboko amelala njiani. Nimezungukia kwenye mpunga."

"Marahaba. Wenzako?"

"Wamebaki ng'ambo ya mto. Wanaogopa."

Mwalimu akaandika mpaka nukta, akafunga daftari, akavua viatu na kushika njia ya mtoni. Saa nne alirudi na watoto kumi na mmoja, mdogo wao mgongoni.

"Kulikoni mwalimu?" mpishi akauliza.

"Pakua uji," akasema. "Wa watoto kumi na mmoja."