Gunia la Kadi Zilizochanwa

Ofisi nzima walimwita Bi Kadi, na waliomwita hivyo kwa dharau walijuta, maana mama yule hakuwa na dogo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili katika chumba cha nyuma chenye makabati ya droo ndogo ndogo, neno moja na kadi zake. Sehemu yake ilikuwa ile iliyowashinda wenzake: yale maneno ya Kiingereza yasiyotulia. Sasa hivi neno ni jina la kitu, ukigeuka ni kitenzi, ukigeuka tena ni sifa, na wala halijabadilisha hata herufi. Hammer ni nyundo, na hammer hiyohiyo ni kugongomea. Kiswahili hakina uvivu huo. Kila kazi ina neno lake, na neno hilo sharti ulifuate kwa mwenye kazi.

Naye alilifuata. Maprofesa aliwapita mlangoni. Alisimama kwenye takataka za randa kwa seremala, akainama chini ya magari gereji, na nyuma ya kila kadi akaandika nani kasema, kasema vipi, na alikuwa akifanya nini. Kadi mia mbili na kitu zilitoka kwa baba yake, fundi mwashi asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Kwa neno level, wenzake waliandika "usawa" wakaenda kunywa chai. Yeye alipanda jukwaani kwa mzee, akashuka na pimamaji la kifaa, na kusawazisha la kazi, na sentensi nzima ya mzee: "Ukuta ukikudanganya asubuhi, jioni utakuangukia."

Mwezi wa tatu mzee akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi nao ukalala. Tangu hapo alikuwa akimtazama bintiye tu, machozi yakimlengalenga. Bi Kadi hakuwa na sauti yake iliyorekodiwa wala barua yake hata moja. Maneno ya baba yaliyobaki duniani yalikuwa kwenye zile droo. Akaomba likizo ya wiki moja amuuguze, na mhariri mkuu akaisaini bila kuinua kichwa.

Jumatatu aliporudi, alivuta droo ikaja nyepesi. Akavuta ya pili. Ya tatu. Karibu na mlango palikuwa na gunia, na ndani yake nusu za kadi, mamia kwa mamia. Mhariri mkuu alikuwa ameamua kamusi iwe nyembamba, itoshe kwenye mkoba wa mwanafunzi: kila neno na maana moja, jina la kitu peke yake. Mengine yote nje.

Na kadi ikitolewa, huchanwa vipande viwili. Ndiyo kanuni ya ofisi. Miaka minane nyuma kadi iliyofutwa ilirudi kwenye droo kimyakimya, kosa likachapwa kitabuni, na tangu siku hiyo itolewayo huchanwa. Aliyeiandika kanuni hiyo na kuibandika ukutani ni Bi Kadi mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi.

Akalibeba gunia hadi ofisi ya mbele. Hakubisha hodi.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini tena, mama? Hii ofisi si yangu?" Mhariri mkuu alicheka kidogo. "Na kuchana, mbona kanuni ni yako? Iko pale ukutani na sahihi yako."

"Kanuni ni ya kadi zenye makosa! Hizi zina kosa gani?"

"Nyingi mno. Mtoto anataka kujua hammer ni nyundo, basi. Nani anauliza mambo ya kugongomea?"

"Anayegongomea!" Sauti yake ilifika barabarani. "Au kwako wewe nyundo ni pambo?"

Mhariri mkuu akainua viganja, kama mtu anayetuliza mbuzi. "Haya, yaishe. Ukizitaka sana, si nenda tu kwa mzee wako? Atakwambia tena, uandike upya."

Bi Kadi akaliweka gunia chini.

"Baba hasemi," akasema. "Kiharusi. Ile likizo uliyosaini, ulidhani nakwenda kupunga upepo?"

"Sikujua. Pole sana, mama."

Ile pole ilimchoma kuliko kicheko. Akaliinua gunia akalimwaga lote juu ya meza, juu ya simu, juu ya kikombe chenye chai, vipande vingine vikaanguka kwenye mapaja ya mhariri mkuu. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani, akavuta kiti.

"Unganisha."

"Mama, nina kikao saa nne."

Akamsogezea gundi.