Nilimsahau Tatu kwa Makusudi

Siku ya kuandika majina ya watu wa ile picha ya zamani tulikuwa watatu. Mimi; Zena, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ndiye mtunzaji wa nyumba ya kumbukumbu ya ulanga huku kwetu Mgeta; na Mwalimu Mkude, mstaafu, aliyeoa kwa wajomba zangu. Wa nne ni Tatu binti Kibwana, ila yeye alikuwa ndani ya picha, naye ni marehemu. Kosa ni langu peke yangu, wenzangu hawamo.

Picha yenyewe ni ya wanawake waliokuwa wakipasua ulanga, yale madini ya kung'aa yanayobanduka kama karatasi, kwa visu enzi za machimbo. Wamekaa chini mbele ya banda, hilo hilo lililogeuzwa nyumba ya kumbukumbu, na mama yangu yuko katikati. Waliowajua wamekwisha, nimebaki mimi, na mimi jina la mtu halinipotei. Zena ananyoosha kidole, mimi nataja, mwalimu anaandika. Kidole kilipofika kwa Tatu, nikasema huyu simkumbuki.

Uongo mtupu, jamani! Tatu alikuwa mtani wetu wa ukoo. Siku tulipomzika mama, alijilaza njiani mbele ya jeneza, kisu mkononi, akamwigiza mama anavyosinzia kazini: anakoroma, anashtuka, anamlaumu mnyapara. Watu walicheka hadi machozi. Mtani ana haki hiyo msibani, na mfiwa hatakiwi kununa. Mimi nilinuna. Nilinuna hadi Tatu naye akafa, na kumzika sikwenda.

Basi nikajiona nimelipiza. Kumbe! Wageni wakija wanampita mama yangu na jina lake, wanakwenda kusimama kwa yule asiyejulikana. Eti alikuwa nani maskini, eti tazama yale macho. Zena akaikuza sura ya Tatu, akaitundika mlangoni. Nimempandisha cheo mwenyewe!

Kisha akaja Asha, binti wa Tatu, anayeishi Mafiga. Nyumba yao iliungua zamani, hakubaki na picha ya mama yake hata moja. Alipoiona ile ya mlangoni akasema huyu ni mama. Zena akamjibu kwa upole kwamba angekuwa yeye, shangazi angemjua. Wakaja kwangu.

Asha akapiga goti, akaniamkia, akauliza kama ni yeye. Nilitaka kusema sijui kwa mara ya pili. Mdomo ukakataa. Nikamweleza yote, hadi ule usingizi wa kuigiza.

Akacheka kidogo.

"Mama, mtani hanuniwi. Wewe umenuna mpaka ukamzika mama yangu mara ya pili. Afadhali safari hii ulihudhuria."

Jina la Tatu liliandikwa siku hiyo hiyo. Lakini mwalimu akasema, kama nilidanganya moja, hayo mengine nani atayaamini? Sasa kila jina limetanguliwa na neno "inasemekana". La Tatu tu ndilo halina, kwa kuwa mtoto wake amethibitisha. Mama yangu aliyenizaa, "inasemekana ni Mwanahawa". Nami mwanawe nimesimama pale, sithibitishi kitu!

Wenzangu, mkiulizwa majina ya marehemu, tajeni hata la mliyemnunia. Na wewe msomaji ambaye bibi yako alipasua ulanga Mgeta, njoo uitazame ile picha. Kama nimekosea jina, nisahihishe. Kama sijakosea, nakuomba uje vilevile, uwaambie.