Tulimpiga Picha Mama Akiwa Ndani ya Kompyuta

Mama yangu nilimwona kwenye kompyuta ya kazini, akicheza ngoma, miaka kumi na tano baada ya kuzikwa.

Sio ndoto. Sio uchawi. Tulieni niwape mkasa.

Ilikuwa 2006, Bukoba mjini. Nilikuwa nachapa barua kwenye duka la steshenari la bosi wangu, Gamaliel. Jioni narudi zangu chumbani Hamugembe, napika, nakula peke yangu, nalala.

Niliambiwa wazazi walifariki nikiwa mdogo. Ndugu sina. Wa kwangu duniani alikuwa bibi tu, kule Rubafu.

Sura ya mama sikuijua. Alipofariki watu waliogopa ule ugonjwa wa Ukimwi, wakachoma nguo, godoro, mpaka picha.

Siku hiyo akaja mama mmoja wa Muleba, Bernadeta, ameshika CD. Ilikuwa sherehe ya upadrisho ya miaka ya themanini, aliyoirekodi mgeni wa Kizungu. Alitaka tumtolee picha ya marehemu mumewe kwa ajili ya misa ya kumwombea.

Tukaiweka. Watu wanacheza, vigelegele kama vyote. Mama Bernadeta akawa anagusa kioo kwa kidole.

"Huyu alishakufa. Huyu naye. Huyu na mdogo wake, mwaka mmoja..."

Kioo kizima marehemu, na wote wanacheka.

"Na huyu mwenye mtoto mgongoni ni Eufrazia, mke wa Mayenga wa Rubafu. Mumewe alirudi mzima kutoka vita ya Amin, akaja kufia kitandani. Wakafuatana."

Nikaachia mausi ya kompyuta.

"Mama... Mayenga ni baba yangu."

Akanitazama, akatazama kioo.

"Waitu! Mtoto wetu!"

Akanivuta kifuani. Nililia kama mtoto.

Nikasimamisha video. Nikabonyeza kitufe cha kunasa kioo, nikabandika. Likatoka boksi jeusi. Nikarudia. Jeusi tena.

Yaani mama yupo mbele yangu, halafu hashikiki!

Gamaliel akasogea. "Klaudia, video zinagoma hivyo. Shusha pazia, kioo kisiakisi mwanga."

Akachukua kamera yake, akakipiga picha kioo chenyewe. Mume wa mama Bernadeta akapatikana. Mama yangu naye akapatikana, ana mistari mistari usoni, lakini ni yeye.

Usiku ule sikula peke yangu. Niliiegemeza picha kwenye sufuria, nikamsalimia.

Jumamosi nikaenda Rubafu. Bibi aliishika picha muda mrefu.

"Ndiye," akasema.

"Na mgongoni ni mimi," nikasema kwa kujidai.

Bibi akanirudishia picha.

"Bibi?"

"Mwana wange, upadrisho ule ulifanyika wewe hujazaliwa. Huyo ni kaka yako, Kristofa."

Nilihisi mgomba umeniangukia.

"Kaka yupi? Mbona hukuniambia?"

"Mama yako alipokufa, mjomba wako Ndyamukama alimchukua akakae naye kisiwani Bumbire. Mimi nilikuwa nazika watoto wangu, nikashindwa kulea wawili. Baadaye nikasikia wavuvi wa kule wameisha kwa ugonjwa. Nikaona nisikuongezee msiba."

Sikumlaumu. Niliondoka tu, nimeshaamua kwenda kuhakikisha mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilishuka kwenye mtumbwi wa injini, kwenye mwalo wa wavuvi wa Bumbire, harufu ya dagaa imetanda. Nikauliza Kristofa Mayenga. Watu wakanionyesha kijana mrefu anayeshona nyavu, amekaa mbali na wenzake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unataka samaki?"

Nikampa picha. Akafuta mikono kwanza, hata kabla hajaigusa. Kisha akaitazama, nyavu zikamteleza magotini.

"Sura yake ilishanitoka," akasema polepole. "Nilikuwa naota mwanamke hana uso."

"Huyo mgongoni ni wewe."

"Na wewe nani?"

"Klaudia. Mdogo wako."

Alitikisa kichwa. "Mjomba alipokufa, niliambiwa Rubafu hakubaki mtu. Nikasema basi, nitazeekea hapa."

Kumbe miaka yote hiyo, yeye alinihesabu marehemu, mimi sikujua hata kama nina kaka, huku tukitenganishwa na safari ya siku moja!

Tulikaa mwaloni mpaka jua likazama. Tulipokezana ile picha. Hatukuwa tumezoea kuwa na mtu.

Ninachowaomba nyie mnaosoma: mwenye mzee nyumbani, keti naye leo, mwulize nani alikuwa nani, na nani alikwenda wapi. Wengi walikaa kimya kwa kuchoka kuzika. Labda nawe kuna mtu mahali anakudhania umekufa.