Ukoko wa Mwanne

Mwanne wa Maneromango hakuwa mtu wa kusamehe, na hapa hatapakwa mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Waliokula ubwabwa wake wa nazi walimvumilia ulimi wake. Mumewe, Husseini, aligombania ukoko na wanawe kila siku, akikwangua sufuria mpaka ilie.

Mwaka 1975, baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa, Husseini alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika paja. Mzee Mwinyimadi, aliyeacha kazi ya udresa, ya kufunga vidonda hospitalini, na kuondoka na maboksi ya dawa, akatoa sindano kwenye kopo lake akamchoma mofini. Maumivu yakakatika. Mfupa ukaunga, sindano hazikukoma: aliyelima mihogo ya mzee asubuhi, alichomwa adhuhuri. Husseini alilima miezi saba. Nyumbani ukoko ukawa chakula cha kuku, na watoto wakimrukia baba yao aliwaondoa mwilini bila hata kuwakaripia.

Mwanne akanoa panga la kumkatia Mwinyimadi. Kabla hajalitumia, alimpeleka mumewe hospitali ya Kibaha, na tabibu Evodius akamweleza.

"Mama, wataalamu wanasema ubongoni mna kitu kinaitwa dopamini. Ukila kitamu, ukimwona mwanao, ndicho kinachouambia ubongo: hiki chema, kirudie. Sindano inakimwaga kwa wingi, tena na tena, hata ubongo unajikinga kwa kuziba masikio. Sasa chakula kinamwita, hasikii. Lakini akiona kopo la sindano tu, mwili wote unaamka. Si ukaidi. Atarudi, ila ni miezi."

Mwanne alirudi na mumewe na panga akalirudisha darini. Alikuwa amepata silaha nzuri zaidi, kwa kuwa alishaona alama za sindano kwenye paja la Mwinyimadi mwenyewe: naye alikuwa mtumwa wa dawa ile.

Alisubiri miezi minne mumewe apate nafuu, akimzuia asikanyage kwa mzee na kumlazimisha kula. Ijumaa moja, mzee akiwa msikitini, Mwanne akaingia kwake akabeba kopo na maboksi yote.

Jumapili Mwinyimadi akaja, anapiga miayo, makamasi yanamtiririka, vipele vya baridi vimemtoka juani. Mwanne hakumwamkia.

"Mwanangu, nipe vitu vyangu. Nakufa."

"Hufi. Kaa ule."

Akampakulia ubwabwa na ukoko juu. Mzee alitafuna tonge moja, akalitema.

"Hauna ladha, eh? Mume wangu alikula hivyo mwaka mzima."

Akaleta kopo na maboksi. Akavunja vichupa vya mofini kimoja kimoja juu ya jivu la jikoni, polepole, na nafsi yake ikaburudika. Aliponyanyua macho alimwona Husseini mlangoni, macho yameganda kwenye kopo. Hapo Mwanne akaogopa. Kwa uchu wa kisasi, alikuwa amesahau maneno ya tabibu.

Husseini akasogea. Mkono ukanyooka kuelekea kwenye kopo, ukasita, ukashuka kwenye sahani ya mzee. Akavunja kipande cha ukoko, akatafuna kwa muda mrefu.

"Leo umeuunguza," akasema, na akachukua kingine.

Mwanne akalia waziwazi, wala hakujifuta. Kisha akamgeukia Mwinyimadi, aliyekuwa amepiga magoti akichakura jivu kwa vidole.

"Kesho njoo tena, mzee. Nitakupikia mpaka usikie ladha."