Kulungu, Barafu na Mimi Nyuma ya Jiwe

Jamani, kuna kitambaa kimoja nikikiona kimevaliwa na mtu hapa Guangzhou, iwe kanisani, iwe Shahe kwenye maduka ya jumla, navuka upande wa pili wa barabara na kujifanya naongea na simu. Aibu niliyoipata kwa kile kitambaa haisemeki, tena niliipata mbele ya wakwe, na afadhali niwasimulie mwenyewe maana wenzangu wakisimulia wanatia chumvi (ingawa, kusema ukweli, hakuna nafasi kubwa ya kutia).

Mimi ni wakala, nawatafutia wateja wa nyumbani nguo na vitambaa, kutwa nabishana na malaoban, yaani wenye karakana, kuhusu zipu na vifungo. Ugonjwa wangu ni kupiga picha. Mwaka jana nikajiunga na kundi la wastaafu wa Kichina wenye kamera za lenzi ndefu kama mchi, tukaenda likizo kaskazini kabisa mwa Ulaya, porini, kupiga picha za wanyama na barafuto (ile barafu inayoshuka mlimani polepole kama uji mzito). Jaketi la maana sikuwa nalo, nikaazima la mdogo wangu Neema, la zambarau lenye mstari wa njano mgongoni, kwa sababu yeye alisomea lugha mwaka mzima kwenye baridi ya Harbin kabla hajaletwa chuo cha hapa.

Siku ya tatu tukakaa mbele ya barafuto tukisubiri kulungu wa kule, wale wenye mapembe kama matawi makavu. Saa moja, saa mbili, hakuna kulungu, na mimi chai niliyokunywa asubuhi ikaanza kudai haki yake. Choo hakuna, porini utapata wapi choo? Mzee mmoja alikuwa amenifundisha kuiweka kamera ipige yenyewe kila baada ya sekunde kumi, basi nikaiweka hivyo juu ya miguu yake mitatu, nikazunguka mbali kule nyuma ya jiwe. Niliporudi nikakuta dume la kulungu limeshapita na kamera imeshalinasa, mapembe juu, barafu ya bluu nyuma yake, picha ya maisha. Pembeni chini kulikuwa na kidoa cha zambarau. Nikadhani ni begi la mtu. Tena nikawaambia wote kwamba nilipiga mimi, kwa kidole changu, na huo uongo nikarudi nao Guangzhou kwenye ndege.

Sasa Neema alikuwa anaolewa mwezi wa kwanza na Trésor, Mkongomani anayechukua jinzi kule Xintang. Kijana hana neno. Shida ilikuwa mama yake, Maman Odile, aliyetoka Lubumbashi akiwa ameshasema wazi kwamba wasichana wa vyuoni hawana adabu na kwamba anakuja kujionea kwanza, asiporidhika hatatoa baraka, na Trésor si mtu wa kuoa bila baraka za mama. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama kama mama wa binti. Siku tuliyompokea uwanja wa ndege kulikuwa na kibaridi, Neema akavua jaketi lake lile akamfunika mama mkwe mabegani. Maman akalishika, akalipapasa, akasema tu, “Merci, ma fille,” yaani asante, binti yangu. Nikajua tumeanza vizuri.

Mimi nikataka kuzidisha. Nikapeleka picha yangu Kangle kwa laoban mmoja anayechapa vitambaa, anichapie mita tatu nikatundike nyuma ya maharusi. Akacheka, akasema mita tatu hachapi, anaanzia mia. Hapo ndipo ningesema asante nikaondoka. Badala yake nikafikiri, mita mia si ndiyo sare? Wanawake ishirini, mita tano tano, sare ambayo hakuna harusi nyingine duniani itakuwa nayo! Nikakubali. Laoban kwa wema wake akang'arisha rangi zote bila kuniuliza, na mimi mzigo nikauchukua ukiwa umeviringishwa vilevile mpaka kwa fundi, na siku yenyewe nilivaa gauni langu mbiombio nikitafuta viatu.

Ukumbini, saa saba mchana, kabla ya ndoa kufungwa na baraka kutolewa, tukaingia wanawake ishirini tumependeza kupita maelezo, na Maman Odile naye ndani ya sare, kilemba kikubwa kichwani. Mshereheshaji akanipa kipaza sauti nieleze habari ya kitambaa. Loo! Nikaeleza. Nikasema nililala kifudifudi kwenye theluji kwa saa nne, kidole kwenye kitufe, sikula, sikunywa (na hapa, jamani, sijui ni shetani gani alinisukuma), “hata haja sikwenda!” Watu wakapiga vigelegele.

Maman Odile alikuwa amevaa miwani yake na anaangalia paja lake mwenyewe.

“Mama Salome,” akaniita, “na huyu hapa ni nani?”

Nikainama kuangalia gauni langu. Mungu wangu. Kidoa kilikuwa mtu. Mtu amechuchumaa nyuma ya jiwe lililomficha kwa wenzake lakini si kwa kamera, ametupa mgongo, jaketi limepanda juu na suruali imeshuka chini, na kilichokuwa katikati kimeng'arishwa na laoban vizuri kabisa. Picha ilijirudia kila baada ya mita, maana yake kila gauni lilikuwa nami mara nne au tano.

“Ni jiwe, mama.”

“Jiwe iko na soksi?”

Ukumbi mzima ukaanza kukagua mapaja. Mmoja akacheka, mwingine akatoa simu kukuza picha. Maman yeye hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye ule mstari wa njano. “Hii koti ninaijua,” akasema. “Nilivaa mimi mwenyewe.” Akamgeukia bibi harusi. “Ma fille. Ni wewe?”

Neema akaniangalia. Alijua ni nani, jaketi aliniazima yeye. Angesema neno moja tu, “Ni dada,” angepona. Badala yake akainamisha kichwa, machozi yakaanza kuharibu vipodozi vyake, na Trésor akabaki anamtazama mama yake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Moyo uliniuma vibaya sana. Yaani mtoto niliyemlea alikuwa tayari kubeba makalio yangu siku ya harusi yake ili mimi nisiaibike.

Kipaza sauti bado kilikuwa mkononi mwangu. “Ni mimi, mama,” nikasema. “Jaketi ni la Neema, mengine yote ni yangu. Na picha sikupiga mimi, kamera ilijipigia yenyewe. Mimi nilikuwa nimekwenda haja.”

Hata wahudumu wa Kichina, wasiojua Kiswahili hata neno, wakasimama na sahani zao.

“Baridi ilikuwa ngapi kule?” Maman akauliza.

“Kumi chini ya sifuri, mama.”

“Na ukavua?”

“Nikavua, mama.”

Mabega yakaanza kumtikisika, akavua miwani. “Pole,” akasema, “pole sana, vraiment,” kisha akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, na ukumbi wote ukamfuata. Akainuka, akamfuta Neema machozi kwa upindo wa ile sare na kumkumbatia. Baraka alitoa palepale.

Mimi nimeshaapa. Picha niliyopiga nitasema nimepiga, iliyojipiga nitasema imejipiga, na kitambaa nitakikunjua chote kabla ya kumvalisha mtu. Lakini imeshakuwa. Neema na Trésor walienda Lubumbashi wakati wa Pasaka, Neema anasema mama mkwe alimzungusha kwa majirani, Maman mwenyewe akiwa ndani ya gauni lile, na kila mlango akiulizwa kama binti ana ndugu wowote, anajibu kwa furaha kwamba anaye dada mmoja, mtu mwema sana, kisha anawaonyesha kwa kidole, pale kwenye paja lake.