Macho ya Kuchora ya Wilf Pargeter

Wilf Pargeter alitumia maisha yake kupiga saksafoni na kuimba habari za nyota, huku amefumba macho. Watu wa mtaani kwake, Ladbroke Grove, walisema ni ulevi. Wenye nywele ndefu kuliko akili walisema yuko safarini kwenye sayari ya Zohali. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa taa.

Ugonjwa ulimwanza utotoni kule Margate, nyuma ya duka la baba yake la samaki na chipsi: kwanza harufu ya maziwa yanayoungua, kisha giza, kisha anaamka sakafuni ulimi umechanika. Kifafa, na mwanga unaopigapiga ndio ulioweza kukiamsha. Mama yake alimwapisha asimwambie mtu. Alipokua, kati ya kazi zote duniani, akachagua bendi ambayo taa yake huwaka na kuzima mfululizo hadi mpiga ngoma aonekane ana mikono minane. Na kwa kuwa ni yeye tu asiyegusa pombe, akinywa chai tu, wakampa funguo za gari la bendi.

Siri aliijua mkewe, Glenys. Kabla ya kila onyesho alimchorea macho makubwa juu ya kope, ili akifumba aonekane anatazama. Bendi nzima ilijipaka rangi usoni, nani angeuliza?

Balaa ni kwamba macho yale yalipendwa. Jumapili moja mchana, kwenye ukumbi uliozibwa madirisha, Wilf alikuta taa imewekwa karibu na miguu yake, imemwelekea usoni.

"Nimekusogezea, mwanangu," alisema Barry Lumb, fundi taa wa bendi. "Watu wanataka kuyaona hayo macho."

Wilf alimwomba airudishe nyuma. Barry akamuuliza kama anaogopa kuonekana sura.

Kope ni nyembamba. Mwanga ulipita mwekundu, ukipigapiga ndani ya fuvu. Katikati ya wimbo wa pili, Wilf akasikia harufu ya maziwa. Mle ukumbini vilikuwa vikiungua vitu vingi, lakini si maziwa. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Zima taa, Barry."

Watu wakadhani ni wimbo. Ukumbi mzima ukaitikia, zima taa, zima taa, ukiyumba, na Barry kwa furaha akaizidishia taa kasi. Wilf akaanguka magotini, akapapasa mpaka joto likamwonyesha ilipo, akaifunika kwa mdomo mpana wa saksafoni. Giza. Watu wakashangilia. Yeye akabaki ameikumbatia saksafoni inayopata moto, akingoja sakafu imchukue. Harufu ikapungua taratibu, kama mgeni anayeaga huku anageuka geuka mlangoni.

Baadaye Barry alimfuata akipiga makofi. "Hiyo ya kufunika taa, mzee, tunaifanya kila siku."

"Nina kifafa, Barry. Tangu utotoni. Hiyo taa itaniua."

Kicheko kikamgandia Barry mdomoni. Akatazama funguo kiunoni mwa Wilf, akakumbuka milima ya Wales, mvua, na wao wote nyuma wamelala fofofo.

"Na gari?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Siku zote hizo, gari?"

Wilf akamkabidhi funguo. Bendi haikumfukuza, taa ilihamia nyuma ya pazia, naye akapiga hadi meno yalipomwisha. Lakini siku ile aliyewarudisha nyumbani ni Barry, ambaye hakuwahi kushika usukani. Kwenye kona ya kwanza Wilf akafumba macho kwa hofu nyingine kabisa. Wenzao nyuma nao wakafumba. Macho yale ya kuchora tu ndiyo yaliyobaki yanaangalia barabara.